Mvua ya Kanyabayonga ihesabiwe Kanyabayonga

KANYABAYONGA – Mkulima wa hapa akiulizwa asubuhi mvua ya usiku ilikuwa kiasi gani, jibu linajulikana. "Ilikuwa nyingi, mwanangu." Akiulizwa nyingi namna gani, anaonyesha kwa mkono. Ndoo iliyoachwa chini ya bati ilijaa. Njia ya shambani haipitiki. Udongo umefunika mistari miwili ya maharagi ya jirani.

Jibu hilo si uongo, lakini halimsaidii mtu kesho. Haliwezi kulinganishwa na mvua ya mwaka uliopita wala ya Kayna au Kirumba. Halimwambii mama anayetaka kupanda viazi kama udongo umeshiba au umelowa juu tu. Na watu wanaoishi chini ya mlima hawawezi kulitumia kujua kama usiku huu walale nyumbani au wahamie kwa ndugu.

Wakaaji wa Kanyabayonga wamezoea kusubiri habari ya hewa kutoka mbali. Shirika la serikali linalohusika na hali ya hewa, METTELSAT, lina makao yake Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka hapa. Lakini jambo la kwanza katika elimu ya mvua ni kujua imenyesha kiasi gani na saa ngapi, na hilo halihitaji Kinshasa. Linahitaji kijiko cha plastiki, sumaku ndogo, swichi ya urefu wa njiti ya kiberiti, na kifaa cha kunasa takwimu ambacho mwanafunzi wa teknika anaweza kukiunganisha. Mji huu unaweza kuanza kuhesabu mvua yake wenyewe, na inafaa uanze kwenye masomo yake.

Somo la Kalehe

Wengi bado wanakumbuka tarehe 4 Mei 2023 katika territoire ya Kalehe, Kivu Kusini. Mvua kubwa ilishuka, mito ikajaa mawe na matope, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikafunikwa. Watu zaidi ya 400 walikufa. Siku mbili kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, mafuriko na maporomoko ya udongo yalikuwa yameua watu zaidi ya 130 ng'ambo, upande wa Rwanda.

Mwezi uliofuata, wanasayansi wa kundi la kimataifa la World Weather Attribution walitoa ripoti juu ya mvua ile. Walitaka kujibu swali ambalo kila mtu alikuwa akiuliza: je, mabadiliko ya tabianchi yamechangia? Walishindwa kujibu, kwa sababu takwimu za mvua za eneo la Ziwa Kivu zilikuwa chache mno. Watu zaidi ya 500 wamekufa pande zote mbili, na sayansi ya dunia nzima inakosa karatasi ya kusoma.

Kipimo cha mvua kisingezuia mlima wa Kalehe kuteremka. Lakini mahali pasipo na hesabu, kila msiba unakuwa wa kwanza. Hakuna anayeweza kusema: "Mwaka ule udongo uliporomoka baada ya milimeta kadhaa kwa siku tatu, na leo tumekaribia hapo." Kanyabayonga nayo imekaa juu ya mteremko. Upande mmoja kuna milima ya Lubero, upande mwingine ni Kabasha, ambako barabara ya taifa namba 2 inashuka kwa kona kali hadi bonde la Rwindi. Dereva yeyote wa lori aliyekwama pale katika msimu wa mvua anajua udongo wa mteremko ule unavyotembea.

Kupima mvua si jambo geni katika nchi hii. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1933, ilikuwa na vituo vyake vya kupima hewa na mvua. Miaka mingi baada ya uhuru wa 1960, vituo vingi nchini vilinyamaza. Vifaa vilichakaa, mishahara ikakosekana, vita vikapita. Kosa lisirudiwe la kudhani kwamba kituo cha mvua lazima kiwe jengo lenye uzio, ofisi na mkurugenzi.

Kijiko kinachopinduka

Kipimo kinachozungumziwa hapa kinafanya kazi hivi. Maji ya mvua yanaingia kwenye mpare mpana. Chini ya mpare kuna vijiko viwili vilivyoungana mgongo kwa mgongo, kama bembea ya watoto. Kijiko kimoja kikijaa, kinashuka na kumwaga maji, na chenzake kinapanda kuchukua zamu. Kila kupinduka ni kiasi kilekile cha maji.

Katikati ya bembea hiyo kuna sumaku. Pembeni yake kuna swichi ya sumaku, yaani mrija mdogo wa kioo wenye vyuma viwili vyembamba ndani, ambavyo havigusani. Sumaku inapopita karibu, vyuma vinavutana na kugusana. Ikienda, vinaachana. Swichi ya namna hii ilibuniwa Marekani miaka ya 1930, katika maabara za simu za Bell. Haina haja ya mafuta wala ya batari yake yenyewe, na kwa kuwa imefungwa ndani ya kioo, vumbi na unyevu haviigusi. Ni swichi ileile inayopatikana katika kengele nyingi za mlango, zile zenye sumaku kwenye ubao na waya kwenye fremu, na katika vipima mwendo vya baiskeli.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Mvua ya milimeta 1 ni lita 1 ya maji kwa kila meta mraba. Kama mdomo wa mpare una ukubwa wa sentimeta mraba 200, na kijiko kinapinduka kila kinapopata mililita 4, basi kila kupinduka ni milimeta 0.2 ya mvua. Mara 5 ni milimeta 1. Mara 100 ni milimeta 20.

Na milimeta 20 si kitu kidogo. Juu ya bati la meta mraba 40 ni lita 800, madumu 40 ya lita 20. Juu ya shamba la hekta moja ni lita 200,000, sawa na tani 200 za maji zilizowekwa juu ya mteremko kwa usiku mmoja. Mtu akisikia hesabu hiyo, anaanza kuuangalia mlima ulio nyuma ya parseli yake kwa jicho lingine.

Mtu atauliza: kwa nini isiwe debe tu, na mtoto wa shule asome kila asubuhi kwa rula? Swali ni zuri, na debe pia liwekwe. Lakini debe linajua kiasi, halijui saa. Milimeta 40 zilizoshuka polepole mchana kutwa zinanywewa na udongo, na mkulima anashukuru. Milimeta 40 zilizoshuka kwa dakika 40 zinabeba daraja. Asubuhi debe linaonyesha kitu kilekile kwa mvua zote mbili. Swichi iliyounganishwa na kifaa chenye saa inatofautisha baraka na hatari.

Waya mbili zinazodanganya

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Swichi ina waya mbili tu, kwa hiyo kijana anadhani kuunganisha ni kuchomeka. Anachukua kadi ndogo ya elektroniki, kwa mfano Arduino, aina iliyoanza Italia mwaka 2005 na ambayo leo inatumiwa na wanafunzi dunia nzima. Waya mmoja anauingiza kwenye tundu la kupokea taarifa, wa pili kwenye volti 5, na anangoja mvua. Usiku hakuna hata wingu. Asubuhi kifaa kinasema kupinduka 3,000.

Hakuna mchawi. Swichi ikiwa wazi, lile tundu halijashikwa na kitu chochote. Linaelea, kama mlango usio na komeo unaopigwa na kila upepo. Waya mrefu unakusanya mtikisiko wa umeme wa jirani, wa jenereta, wa radi ya mbali, na kifaa kinahesabu vyote kama mvua.

Dawa yake ni rezistansi moja ya omu 10,000, kitu cha bei ndogo kuliko andazi, ambacho fundi redio yeyote ana mfuko wake. Upande mmoja inashikwa kwenye volti 5, upande mwingine kwenye tundu la kupokea. Swichi nayo inawekwa kati ya tundu hilo na waya wa chini, yaani ule wa sifuri. Kwa namna hiyo, swichi ikiwa wazi, rezistansi inalishikilia tundu juu, kwenye volti 5. Swichi ikifunga, tundu linashuka hadi sifuri. Kifaa kinaambiwa kihesabu kushuka huko na si kitu kingine. Umeme unaopita ni nusu ya miliampea, kiasi ambacho swichi itakibeba kwa miaka bila kuchoka. Kadi nyingi zina rezistansi ya namna hiyo ndani yake, na programu inaweza kuiamsha, lakini waya ukiwa mrefu, ile ya nje ni ya kuaminika zaidi.

Kuna udanganyifu wa pili. Vyuma vile viwili vinapogusana, vinadunda kidogo kama mpira ulioangushwa sakafuni. Kwa macho ni mguso mmoja. Kwa kifaa chenye mwendo wa haraka ni miguso mitano au kumi. Mvua ya milimeta 2 inaandikwa kama ya 20. Hapa programu inaambiwa: ukihesabu mara moja, funga macho kwa sehemu ya tano ya sekunde. Hakuna kinachopotea, kwa sababu hata mvua kali sana ya milimeta 200 kwa saa inapindua kijiko mara moja tu kila sekunde tatu na nusu hivi.

La tatu ni radi. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, na wakaaji wa milima hii hawahitaji kuambiwa. Waya kati ya kipimo na kifaa uwe mfupi. Kifaa kikae kwenye sanduku lisiloingiza maji, karibu na mguu wa kipimo, na si meta 50 mbali katika ofisi ya prefe. Kitapata umeme kutoka pano ndogo ya jua na batari, bila kushikana na umeme wa nyumba.

La mwisho ni mikono. Mrija ule ni kioo. Anayeukunja mguu wake karibu na kioo atausikia ukilia "tii", na swichi imekufa. Mguu ushikwe na koleo kwanza, ndipo ukunjwe mbele ya koleo.

Kwa nini habari ya jamii ihangaike na rezistansi? Kwa sababu hesabu ya uongo ni mbaya kuliko kukosa hesabu. Siku kifaa kitakaposema milimeta 90 na watu wakahama na watoto usiku kwa mvua ambayo haikunyesha, hawatahama tena siku ya kweli. Imani ya watu ikivunjika, hakuna wa kuiunganisha kwa koleo.

Kwa hiyo kipimo kijaribiwe hadharani. Wanafunzi wachukue mililita 400 za maji, zilizopimwa kwa serengi ya kituo cha afya, wazimimine polepole ndani ya mpare. Kifaa kiandike 100, au karibu sana. Kikiandika 60 au 300, hakijawa tayari. Debe la kawaida liwekwe pembeni yake kama shahidi, na kila Jumamosi hesabu hizo mbili zilinganishwe. Mpare usafishwe majani na utando wa buibui. Kipimo kisimame wima, mbali na mti au ukuta kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake.

Wanaosema si wakati wake

Wako watakaosema: vita vipo, njaa ipo, nani ana muda wa kuhesabu matone? Hoja hiyo ina uzito. Mwishoni mwa Juni 2024 mji huu uliingia mikononi mwa M23, na maelfu ya watu walibeba magodoro kuelekea Kayna, Kirumba, Lubero na Butembo. Mtu aliyelala kanisani na watoto hataki kusikia habari ya sumaku.

Lakini mvua haikusimama kungoja amani. Aliyehama ndiye anayejenga kibanda mahali pasipofaa, kwenye mteremko au kando ya kijito, kwa sababu mahali pazuri pana mwenyewe. Anayerudi shambani amechelewa anahitaji kujua zaidi kama msimu wa Machi hadi Mei au ule wa Septemba hadi Desemba umeanza kweli, maana mbegu aliyo nayo ni ya mara moja. Vita vinaongeza thamani ya hesabu ya mvua.

Wengine watasema satelaiti zinaona kila kitu. Zinaona mengi, ndiyo, na takwimu zake ni za bure. Lakini zile zinazotumiwa sana kwa mvua zinatazama dunia kwa vipande vya kilometa 10 hivi kwa 10. Katika kipande kimoja cha namna hiyo hapa kuna kilele chenye baridi, mteremko wa Kabasha, na ukingo wa bonde lenye joto. Ni sawa na kuandika maksi moja kwa darasa zima. Satelaiti zenyewe zinasahihishwa kwa vipimo vya ardhini, na mahali pasipo na vipimo zinabaki kukisia.

Kuna hofu nyingine ambayo wageni wa miradi hawaielewi haraka. Katika mji wenye watu wenye silaha, sanduku lenye waya juu ya paa linaweza kumletea mtu maswali mabaya. Leo kijana anaitwa mwanafunzi, kesho anaitwa mpelelezi. Hofu hii ijibiwe kabla ya kazi kuanza. Kifaa kisiwe na antena. Takwimu ziingie kwenye kadi ya kumbukumbu, pamoja na saa yake ndogo yenye batari, na zisomwe hapohapo. Kiwekwe uwanjani mbele ya macho ya wote na si darini. Chefu wa kata, wachungaji, mapadri, maimamu na wazazi waalikwe kukiona kikifunguliwa, na mtoto wa kidato cha pili aeleze kila waya unafanya nini. Kitu ambacho kila mtu amekiona ndani ni vigumu kukiita siri.

Tena, udogo wake ni ulinzi. Kituo cha hewa cha dola elfu kadhaa kikiporwa, mradi umekwisha na ripoti inaandikwa Goma. Kipimo cha mpare, vijiko vya plastiki na swichi ya sumaku kikivunjwa Jumatatu, wanafunzi waliokitengeneza wanaweza kutengeneza kingine. Ujuzi hauporwi.

Nani aanze

Mfano upo jirani. TAHMO, mpango wenye ofisi yake Nairobi, umeweka vituo vya hewa katika mashule ya nchi kadhaa za Afrika, kwa wazo kwamba shule ina uzio, ina mwalimu na ina watu wa kukitunza. Vituo vyao ni vya kisasa kuliko kinachozungumziwa hapa, lakini wazo linafaa kuchukuliwa: kipimo kikae mahali penye watoto wanaokiuliza maswali kila siku.

Prefe wa masomo anaweza kumpa mwalimu wa fizikia saa mbili kwa wiki. Somo la umeme ambalo mwanafunzi analikariri ubaoni, volti, omu, ampea, litapata mwili. Fundi redio wa sokoni, ambaye mara nyingi anajua kuchomelea waya kuliko mwalimu, aalikwe kufundisha bila aibu ya vyeti. Shirika la kiraia lipange salongo ya kusafisha uwanja na kusimamisha nguzo. Chuo kikuu cha Graben huko Butembo, ambacho kimekuwepo tangu 1989, kina wanafunzi wanaotafuta kazi za kuandikia vitabu vyao vya mwisho wa masomo. Mvua ya miaka mitatu iliyohesabiwa vizuri ni kitabu kizima. Mashirika ya msaada yanayochapisha fulana na mabango juu ya tabianchi yanaweza kupunguza fulana chache yakanunua kadi, batari na pano.

Na redio za jamii zitoe dakika moja. Redio hizi zinatangaza bei ya maharagi, matangazo ya vifo, mbuzi waliopotea. Kila asubuhi zinaweza kuongeza sentensi moja: jana mvua ya Kanyabayonga ilikuwa milimeta 34, na 28 kati yake zilishuka kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Wiki ya kwanza wasikilizaji watacheka. Mwezi wa pili watakuwa wanabishana kama ya kwao ilikuwa zaidi. Mwaka wa tatu, mzee mmoja chini ya mlima atasikia namba, akumbuke namba ya siku udongo uliposhuka, na kumwambia mkewe: "Mama, leo tulale kwa dada yako."